Flashi Moja

Kwenye siti ya mbele yangu basini, mshonaji mwenye futi shingoni alimwambia mwalimu aliyepakata madaftari kwamba leo nyumbani kwao wanaingiza mfumo wa Linux kwenye kompyuta, na roho haimtulii. "Mdogo wangu yuko kwenye kompyuta. Inamuuliza kama ifute diski yote. Nimemwandikia akubali, maana picha za marehemu mama nilishazinakili kwenye flashi."

"Na hiyo Linux ya kuingizia mliiandaa kwenye flashi ipi?"

"Hiyo hiyo, baada ya kunakili picha. Tunayo moja."

Mwalimu alivua miwani. Mimi mdaku nikakunja gazeti. "Dada," mwalimu alisema, "flashi ikiandaliwa kwa Linux, vilivyokuwamo vyote hufutika. Picha zimebaki kwenye kompyuta tu. Mpigie asibonyeze."

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Basi likasimama kituoni kwangu. Sikuinuka.