Alonzo Merriweather na Saksafoni Ambayo Cleophus Hakuruhusiwa Kuigusa

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Februari 1934 mjini Greenwood, Mississippi, mtoto wa pili wa Mzee Rufus na Bi. Hattie Merriweather. Mama yake alisimulia kwamba alilia kwa sauti nene tangu siku ya kwanza. Alonzo alipenda habari hiyo irudiwe, hasa mbele ya mpigaji mwenzake, Cleophus Dade.

Familia ilihamia Chicago mwaka 1946, naye akasoma huko mtaa wa South Side hadi 1952. Hesabu hazikumpenda wala yeye hakuzipenda. Katika bendi ya shule alikabidhiwa saksafoni, na kuirudisha ilikuwa kazi.

Alifanya kazi katika kiwanda cha chuma hadi alipostaafu, na kila mwisho wa juma alipiga muziki wa bluzi kilabuni. Mwaka 1957 akaja Cleophus kutoka Texas, akapuliza noti moja, wanawake wakaweka glasi chini. Tuseme kweli, maana marehemu mwenyewe hakuficha: alimwonea kijicho. Alishikilia kwamba siri ni ala, si mtu. Akanunua saksafoni ya aina ileile. Wapi! Akabadilisha kipande cha mdomoni, akaweka cha chuma kama cha mwenzake. Akabadilisha na ule ulimi wa mwanzi unaotoa sauti. Kisha akaona Cleophus ana pengo upande wa juu, basi akaenda kwa daktari kung'oa jino zima lisilo na kosa lolote.

"Sasa umebakiza kichwa changu tu," Cleophus alimwambia. "Si uniazime hiyo yako nipige wimbo mmoja, tujue moja?"

"Iguse uone, Cleo. Tutakosana."

Hakumpa, miaka yote hiyo.

Tarehe 3 Juni 1961 alifunga ndoa na Vernetta Gaines, mwanamke asiyejua kusema uongo, na hilo lilimtesa Alonzo. Kila wakitoka kilabuni alimuuliza, "Mke wangu, leo nani kapiga vizuri?"

"Cleo. Kunde zako hizo, kula kabla hazijapoa."

Alikula amenuna, lakini alikula. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2007 mapafu yalianza kumsumbua, akashindwa kupuliza. Cleophus alikuja kila Jumatano na samaki wa kukaanga, wakala huku wakisutana. Siku zake za mwisho alimwita mkewe.

"Siku ya mazishi Cleo apige. Ila apige ya kwangu."

"Mbona hukumruhusu siku zote hizo?"

"Ikilia kama yake, basi kasoro ilikuwa mimi. Hiyo siwezi kuisikia nikiwa hai."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 17 Aprili 2009, mkewe akiwa kando ya kitanda chake.

Ameacha mjane, Bi. Vernetta, watoto, Lorraine na Dwight, wajukuu watano, na Cleophus Dade, aliyeketi benchi la pili, anayelia kuliko sisi wote.

Cleo, saksafoni iko pale kando ya jeneza. Vernetta anasema upige kama unavyopiga siku zote, usijipunguze kwa kumhurumia. Angejua, na asingekusamehe.

Nawe Alonzo, pumzika kwa amani, baba. Ziba masikio.