Dada Kagua na Sheria ya Kuvua

Jumapili, tarehe 9 Agosti 2020, saa moja asubuhi, simu iliita nyumbani kwa shemeji yetu. Matroni wa hospitali alimpa pole, akasema dada ametutoka alfajiri. Shemeji aliuliza jambo moja tu: nani alikuwa naye? Matroni akamwambia ukweli, kwamba hakukuwa na mtu.

Dada yetu, kifungua mimba wa mama, alizaliwa tarehe 3 Mei 1971 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alihitimu sekondari mwaka 1989 na chuo cha uuguzi mwaka 1993, kisha akahudumu hospitali moja miaka ishirini na saba.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994. Mlangoni mwa kanisa alimsimamisha bwana harusi, akainama na shela lake, akamfunga kamba ya kiatu. "Jamani, nimeoa mkaguzi," shemeji akawaambia watu. Jina likaganda, hata wodini wakamwita Dada Kagua.

Maradhi ya korona yalipoingia, aliwafundisha wenzake kwamba kuvaa mavazi ya kinga si kazi, kazi ni kuvua. Gauni chafu likigusa shingo, umeondoka nayo. Kwa hiyo havui mtu peke yake: mmoja anavua, mwenzake anamtazama na kumwambia, "Ngoja. Mikono kwanza." Mwezi wa saba mwenzake wa zamu aliugua, na wa kushika nafasi yake hakupatikana. Siku kumi na moja dada alivua akitazamana na ukuta. Hayo alimsimulia mumewe kwa simu, maana tangu Aprili alilala bweni la wauguzi, asije akamletea maradhi mama, aliyekuwa akiishi nao. Shemeji alimsihi apumzike.

"Nikitoka mimi, baba watoto, wagonjwa wabaki na nani?"

Tarehe 27 Julai homa ilimshika, akalazwa wodi ileile aliyokuwa akihudumu.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi na sisi wadogo zake watatu. Mungu aliyemwita ampe pumziko lisilo na zamu.

Alizikwa Jumanne, tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi. Tuliruhusiwa watu wanane, nyuma ya kamba, bila kusoma wasifu. Ndiyo maana tunausoma leo. Jeneza halikufunguliwa. Watu wanne wa hospitali walilishusha, wakafukia, wakaondoka. Mlinzi wa makaburi alitukumbusha kuwa muda umekwisha.

"Nimesikia, mwanangu," shemeji akamjibu. "Wao waende. Mimi niache naye kidogo."

Akavuka kamba, akaketi kando ya udongo mpaka saa nane mchana.