Alama Mlangoni

Treni ilipoondoka Ruiru, Gachau, mhubiri wa treni, alifungua Biblia akamgeukia mama aliyekumbatia mlango mzima wa mbao. Hakuwa mtu wa kuchagua wasikilizaji, na huyu hangekimbia na mzigo ule.

"Mama, Waisraeli walipaka damu milangoni, kifo kikawapita. Agano ni lile lile."

"Hata mimi nilipaka, mtumishi," akajibu mama. "Pasaka, pastor wetu pale Gatongora alisema kila mtu achore msalaba mwekundu mlangoni. Nikachora. Jumatatu watu wa serikali wakaja kubomoa nyumba za kando ya barabara, zile walizokuwa wameziwekea alama ya X kwa rangi nyekundu. Yangu haikuwa kati ya hizo. Dereva wa tingatinga akaona msalaba wangu, akamaliza kazi."

Gachau aligeuza ukurasa. "Lakini Mungu alikutoa ukiwa hai."

"Alinitoa, ndiyo. Jirani yangu hata kanisa haendi. Hakuchora kitu. Leo ameamkia kwake."

Treni ikasimama Githurai. Mama akainuka.

"Nishikie upande huo, mtumishi."

Gachau alishika, kiganja juu ya rangi nyekundu.

"Shika vizuri," akasema mama. "Hiyo ndiyo nyumba yote."