Baba Princess Hayupo

Benchi letu liko Kwa Mrombo, pale barabara ya vumbi inapoachana na lami, kati ya fundi viatu na banda la chipsi. Ni ubao mmoja juu ya matofali manne, na ubao huo niliutoa mimi, kwa hiyo nakaa katikati. Kulia kwangu hukaa Solomoni, tunamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mahakamani mara mbili, na mara zote mbili hakimu alimwomba afupishe. Kushoto hukaa Ludovick, jina la kijiweni Kileleni, mpagazi mstaafu wa Mlima Meru, ambaye kila mwaka mlima aliopanda unaongezeka urefu. Philemoni anauza kahawa na haongei. Na mwisho kabisa wa ubao, tangu wiki mbili zilizopita, anakaa marehemu.

Marehemu anaitwa Abdiel na anakunywa kahawa bila kashata. Kifo chake kilitokea hivi. Alikuwa Mererani kwenye mashimo ya tanzanaiti, miezi minane, simu imezama kwenye tope. Binti yake Princess, miaka sita, akabaki kwa bibi. Mama mtu alifariki zamani, hilo halina ubishi. Huku nyuma wakaja wanafunzi wa kujitolea kutoka Norwe, kwenye kituo cha watoto hapo juu. Mmoja wao, Solvei, alikuwa amesomea Kiswahili wiki tatu kule Tengeru, na mwalimu wake akamfundisha kwamba sisi ni watu wa adabu, hatusemi fulani amekufa, tunasema hayupo. Akamwuliza mtoto baba yuko wapi. Mtoto akajibu kama angejibu mtoto yeyote ambaye baba yake katoka: hayupo. Solvei akalia, akaandika. Bibi, ambaye sikio moja ndilo limekufa kweli, akaulizwa kama ndivyo, akaitikia.

Sasa kituo kile kinapokea watoto waliofiwa na wazazi wote wawili. Princess akapata uji wa kila asubuhi, na nafasi ya kuanza darasa la kwanza Januari. Akapata na miwani, maana kumbe kwenye ubao wa chekechea alikuwa haoni kitu. Siku ya kwanza kuivaa alitoka nje, akauliza ule mlima umeletwa lini.

Abdiel karudi, kakuta mambo yameshakuwa hivyo. Tangu hapo, wanafunzi wale wakipita anaziba mdomo kwa kikombe. Princess ana mwanya mpana wa meno ya mbele ambao wageni wanapenda kuupiga picha, na mwanya huo hakuuokota barabarani.

Asubuhi moja tulikuwa tunamtafutia njia ya kuonekana hadharani na mwanawe. Wakili alisema kisheria hakuna tatizo, ajitambulishe kama mjomba. Kileleni akapinga, mjomba ni ndugu wa mama, wataanza kuulizia ukoo, bora awe pacha wa marehemu. Akatuapia kwamba aliwahi kupanda na mapacha wa Kijerumani, mmoja akaishia njiani kwa kichwa kuuma, mwenzake akafika juu mara mbili na wote wakapewa vyeti. Nikawaambia hayo ni mawazo ya watu wasiowajua wazungu. Mimi niliwahi kuwafundisha arobaini kukoroga zege pale Olmotonyi, kwa ishara tu, na walivyoondoka walilia, wengine wakabeba mchanga kwenye chupa. Nikasema njia ni moja: Abdiel afufuke. Watu wa Norwe ni Walutheri kama sisi, kufufuka si habari mpya kwao. Aingie getini kavaa shati jeupe, mengine watamalizia wenyewe.

Wakili akataka kujua cheti cha kufufuka kinatolewa ofisi gani. Tukabishana kidogo hapo, mimi nikisema cha kuzaliwa kinatosha, kinagongwa muhuri upya.

— Nikifufuka mimi, Princess anatoka, akasema Abdiel.

— Si lazima, nikamwambia.

— Orodha ni ya waliofiwa. Miwani labda watamwachia. Nafasi hawamwachii.

Akazungusha kikombe mkononi.

— Juzi kaniuliza kwa nini simsindikizi mpaka getini kama bibi. Nikamwambia baba ana kazi. Akaniangalia, akaliangalia na hili benchi. Na siku hizi anaona mbali.

Hapo hata Kileleni alishuka mlimani.

Ndipo Solvei akatokea kutoka upande wa kituo, daftari kwapani, peke yake. Akasema shikamooni, na kwa kweli aliitamka vizuri kuliko watoto wa Wakili. Tukaitikia marahaba. Abdiel akapandisha kikombe. Msichana akakaa juu ya tofali letu la akiba, akafungua daftari.

— Wazee, naomba msaada wa Kiswahili. Hayupo ninaijua. Lakini sasa Princess kila siku anasema, baba amerudi. Hii nayo ni ya adabu? Maana yake nini?

Wakili akageuka kuangalia fundi viatu anavyoshona. Kileleni akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Mimi, ambaye tangu nibatizwe sijawahi kukosa jibu, nikameza kahawa iliyokuwa imeshaisha. Philemoni akainua birika, akalitikisa, akalirudisha jikoni.

— Anaisema akicheka, akaongeza Solvei. Kwa hiyo nimechanganyikiwa. Nimetafuta kwenye kamusi, sielewi.

Kalamu yake ilikuwa imegusa karatasi, inasubiri. Nikamwangalia Abdiel kwa pembeni. Kikombe kilikuwa bado mdomoni na najua hakikuwa na kitu, maana Philemoni hakuwa amemwongezea.

Akakishusha. Akakiweka juu ya ubao, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

— Amerudi, akasema, maana yake amerudi.

Solvei akaandika neno la kwanza. Halafu akainua uso ili amshukuru, akauona mwanya, na kalamu ikabaki pale pale ilipofika.