Upande wa Daktari Pamela kwenye Sinia

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Chifu, wauguzi wa kituo chetu cha afya, wafanyabiashara wenzangu wa Kehancha, mabibi na mabwana, hamjambo?

Mimi Abdishakur, muuza vitambaa, nimeambiwa nimuage Daktari Pamela, anayestaafu na kurudi kwao Mbita. Mmenipa kazi ngumu. Mtu humuagaje aliyemrudishia mke wake?

Nyumbani tunakula sinia moja, mimi na Shamima, kila mtu na upande wake. Miaka mitatu iliyopita Shamima aliacha kuja. Kila akila, tumbo lilivimba, likanguruma, likamkimbiza msalani. Sokoni wakampongeza kwa mimba, naye ana wajukuu! Tangu hapo akawa anakula jikoni peke yake, mlango umefungwa. Mnaujua upweke wa kula pilau huku umpendaye yuko nyuma ya ukuta? Nilikuwa na hamu ya mke wangu, na mke wangu yumo nyumbani.

Tulizunguka Migori yote, vipimo vikasema hana kitu. Ni Daktari Pamela aliyemuuliza, "Mama, mkifunga, daku mnakula nini?"

Shamima akataja uji, tende, na kile kidonge cha kiungulia. Kwetu hakihesabiwi kuwa dawa. Akina mama hugawiana kama tende, ili saumu isiwachome kifua. Ramadhani ilikwisha, kidonge hakikuisha. Alikimeza kila alfajiri mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta bado anameza.

Daktari akanigeukia. "Jaduka," maana ndivyo anavyotuita wenye maduka, "asidi ya tumbo ni askari wa mlangoni. Kwa kidonge hiki mmemlaza usingizi muda mrefu mno. Nadhani bakteria wamepita wakajaa kwenye utumbo mwembamba, na chakula kinachachia huko."

Akampunguzia kidonge polepole, akampa dawa ya kuwaua hao bakteria. Wala hakusema kidonge ni kibaya. Mzee Maroa huyu hapa, mwenye vidonda vya tumbo, aliambiwa asithubutu kukiacha bila kumwona yeye.

Jioni moja nikauona mkono wa Shamima kwenye sinia. Nililia, na sioni haya kuwaambia. Ijumaa iliyofuata tukamwita Daktari. Akaketi kati yetu, akala, akatusuta kwamba pilau ni vitafunio tu, chakula ni ugali na samaki. Tangu siku ile kila Ijumaa alikuwa wetu.

Daktari, hamu yako imetuanza hata hujafunga mizigo. Ijumaa tutapakua kama kawaida, mimi upande wangu, Shamima upande wake, na upande wako hautaguswa na mkono wa mtu. Utapoa, nasi tutauacha upoe. Mbita si mbali kwa anayejua kwamba anangojewa.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Shamima, simama umwambie kwaheri wewe, mimi nimeshindwa.