Lorenz Dallmann, Mtengeneza Barafu wa Uwanja wa Kettleson (1941–2024)

Wapendwa, mimi ni Marlys, binti wa Gerhard, mdogo wake marehemu. Tumesubiri tangu Januari ardhi iliyoganda kwa baridi ilainike ndipo tumzike, na miezi yote hiyo karatasi hii imekuwa mkobani mwangu. Baba mkubwa aliagiza niisome mimi, tena nisiruke jambo moja lililomo. Wanawe hawakutaka lichapishwe. Mama mkubwa Verna alisema lichapishwe, na limechapishwa.

Marehemu Lorenz August Dallmann alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941, katika shamba la ng'ombe wa maziwa maili tatu kutoka hapa Kettleson, kaskazini mwa Wisconsin. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Emil na Hulda Dallmann. Gerhard alizaliwa miaka mitano baadaye, na ndugu hao wawili walikuwa chanda na pete.

Alisoma shule ya kanisa letu la Kilutheri, kisha sekondari ya mji, akamaliza mwaka 1959. Vitabu havikumpenda sana. Mwalimu wake alimwandikia babu kwamba kijana huyu anachungulia dirishani kuanzia Desemba hadi Machi. Alikuwa akitazama ziwa likiganda.

Mwaka 1960 aliajiriwa katika kiwanda cha karatasi, akastaafu huko mwaka 2001. Lakini hakuna hapa anayemkumbuka kwa karatasi. Pikipiki za theluji zilipoingia, watu walizishindanisha juu ya ziwa, zikaenda moja kwa moja mpaka zikapotea machoni, na watazamaji wakabaki wamekufa ganzi miguu wakiulizana nani kashinda. Mwaka 1966 marehemu alisema zipelekwe kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi, ule wa mviringo wa nusu maili, na uwanja umwagiwe maji mpaka uwe barafu tupu. Wazee walimcheka. Msimu uliofuata wazee haohao walikaa jukwaani, soseji mkononi, wakaona mbio nzima tangu bendera ya kwanza hadi ya mwisho, kona zote zikikatwa kushoto, chembe za barafu zikiwarukia usoni. Miaka ya sabini walikuja watu elfu nane katika mji wa watu elfu moja na mia mbili. Baadaye vijana walihamia mashindano ya kuruka vilima vya theluji, na viwanja vingi vya mviringo vikaachwa kwa magugu. Chetu kilibaki, na kilibaki kwa sababu ya barafu yake.

Aliimwaga kwa lori lenye bomba la matundu nyuma, tabaka jembamba baada ya jingine, la kwanza ligande ndipo lifuate la pili. Alikuwa na mwiko mmoja. Theluji ikianguka, sharti ikwanguliwe yote kabla ya maji kurudi, kwa maana maji juu ya theluji hutoa barafu nyeupe yenye uwazi chini, ganda tu lisilobeba uzito.

Tarehe 20 Januari 1968 alimwoa Verna Skibba. Kati ya kanisa na karamu baridi ilikaza, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na bwana harusi akashindwa kujizuia. Walizunguka uwanja pamoja ndani ya lori wakimwaga maji yagande, bibi harusi na gauni lake na mabuti ya baba yake.

"Lorenz, umenioa mimi au hili lori?"

"Nimekuoa wewe. Hili nilikuwa naishi nalo tu."

Mungu aliwapa wana wawili.

Jumapili tarehe 16 Januari 1983, katika fainali ya mbio, mzunguko wa saba, baba yangu Gerhard, aliyekuwa akishindana, aliacha njia kwenye kona ya pili, akagonga ukuta wa marobota ya nyasi, akafa palepale. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mimi kumi na mmoja. Taarifa ya kamati ya mbio ilisema mwendeshaji aliingia konani kwa kasi kupita kiasi. Shuleni waliniimbia, "Babako hakujua kupunguza." Baba mkubwa alikuja kila vuli kutufungia madirisha ya pili ya kuzuia baridi, na hakukubali hata kikombe cha kahawa. Tulidhani anaona haya tu.

Septemba iliyopita alipatikana na saratani ya kongosho. Tarehe 12 Januari nilimkuta nyumbani kwake, amekaa kitandani.

"Marlys, kaa. Baba yako hakukosea kona."

"Unasemaje?"

"Theluji ilianguka Alhamisi ya wiki ile. Kamati walikuwa shingoni mwangu, wanataka uwanja. Nikamwaga maji juu ya theluji. Jumamosi nikagonga kona ya pili kwa kisigino cha shoka, ikalia tupu. Nikajiambia baridi itaiponya."

"Baba hakukuuliza?"

"Aliniuliza. Alisema, 'Kaka, kona ya pili ikoje, au umetuwekea biskuti ya kuvunjika?' Nikamwambia ni chuma." Akaendelea, "Mwanangu, usome hayo mbele ya watu wote. Wewe, si mwingine."

Nilichukua koti langu nikaondoka. Nilikuwa na hasira ya miaka arobaini na moja, na sikujua niiweke wapi. Jumapili tarehe 21 Januari alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Verna. Sikuwa nimerudi, na jambo hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia.

Basi sikieni wote, na nyinyi wa kamati mliobaki: Gerhard Dallmann hakuingia kwa kasi kupita kiasi. Alimwamini kaka yake, na barafu ikavunjika.

Marehemu ameacha mke, Verna, wana, Curtis na Neil, wajukuu watano, na mimi. Kumsamehe bado sijaweza, na sitawadanganya mbele ya jeneza. Lakini nafasi ya kaburi iliyo kando ya baba yangu, pale chini ya msonobari, ilikuwa imewekwa kwa ajili yangu. Nimempa yeye. Alale hapo kwa amani, karibu na mdogo wake, na yale yaliyobaki wayazungumze wenyewe.