Mama Kilo na Harusi Iliyopanda Mlima kwa Ndege Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwapandisha watu mlimani, Mratibu Mkuu wetu wa safari za kukodi anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine, kuanzia mkurugenzi hadi walinzi wa geti, tunamwita Mama Kilo. Hata yeye akiwapigia simu watu wa mafuta husema tu, "Ni Kilo hapa," na mafuta yanakuja.

Nimeombwa kuandika wasifu huu mimi rubani, pengine kwa sababu nimeruka chini ya amri yake zaidi ya mwingine yeyote aliyebaki. Watu hudhani rubani ndiye mkubwa wa ndege. Ni kweli, ndege ikishaacha ardhi. Kabla ya hapo mkubwa ni Mama Kilo.

Kazi yake ukiitazama kwa nje ni rahisi kama kumsukuma mlevi. Mtu mwenye nafasi anapiga simu mjini, anasema anataka jeti impeleke kwenye hoteli ya mapumziko kule mlimani kabla ya chakula cha mchana, kisha anakata simu. Anayebaki na simu mkononi ndiye mwenye kibarua. Atafute ndege iliyo huru, marubani waliolala vya kutosha, mafuta, hali ya hewa ya huku na ya kule, gari la kumtoa mgeni kiwanjani hadi hotelini, na ajue kama mgeni huyo anaogopa kuruka, maana waoga hawasemi mpaka mlango ufungwe. Mama Kilo alikuwa akimsikiliza mteja akiagiza maua na vinywaji, halafu anamwuliza taratibu, "Na tumbo lako ndani ya ndege huwa linasemaje?"

Jina lake lilitokana na kiwanja chenyewe. Wenzetu wa ofisini ambao hawajafika kule wajue kwamba njia ya kurukia ya mlimani imekatwa begani mwa mlima: upande mmoja msitu, upande wa pili korongo. Ni fupi, na hewa yake ni nyepesi. Ndege inayobeba watu wanane bila kuhema kwenye tambarare, kule huenda ikawabeba sita. Kwa hiyo kila abiria lazima aseme uzito wake, na hakuna swali linalochukiwa na matajiri kama hilo. Wapo waliojipunguza mpaka ungedhani tunasafirisha watoto wa shule. Mama Kilo hakubishana na mtu. Alimvuta pembeni, akamshika mkono kama dada yake, akamwambia, "Mpendwa, kilo za uongo nazo zina uzito." Mtu anacheka, anasema ukweli, anapanda.

Alianza kazi mapokezi, akiwa binti mwembamba aliyeajiriwa kushika simu kwa muda mfupi wakati mwenzake yuko likizo ya uzazi. Mwenzake aliporudi ilibidi atafutiwe dawati jingine, kwa kuwa wateja walikuwa wakisikia sauti tofauti wanauliza, "Yule binti yuko wapi?"

Si kwamba hakuwahi kuteleza. Mwaka wake wa kwanza kwenye dawati hilo la kupanga safari, bwana mmoja alikodi jeti ya kumpeleka mlimani yeye na mbwa wake. Mbwa aliletwa mapema na mtunzaji wake. Bwana mwenyewe akakwama kwenye foleni ya magari. Mpagazi akasema kwamba yule wa safari ya mlimani ameshapanda, Mama Kilo akampa rubani ruhusa, na mbwa akapaa. Kule juu wafanyakazi wa hoteli walikuwa wamejipanga na maua na juisi, na meneja akamkaribisha mbwa kwa jina kamili la mwenye mbwa. Huku chini Mama Kilo hakujificha chooni kama ambavyo ningefanya mimi. Alimfuata mteja kwenye gari lake, akasimama wima, akasema, "Mzee, kosa ni letu. Mbwa wako amefika salama, na nimeambiwa chumba amekipenda." Bwana yule alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Alibaki mteja wetu hadi uzee wake. Na tangu siku hiyo Mama Kilo hajawahi kuruhusu ndege iondoke bila kuchungulia ndani mwenyewe.

Mume wake pia alimpata hapa hapa, na tusipolieleza hilo wasifu hautakamilika. Fundi wetu mkuu wa ndege, ambaye amemtangulia kustaafu, alikuwa mtu wa maneno machache. Mama Kilo akipiga simu bandani kuuliza ndege itakuwa tayari lini, fundi anajibu, "Itakapokuwa tayari." Basi alivuka uwanja na viatu vyake vya visigino, akasimama kando ya fundi, mikono kiunoni, mpaka kazi iishe. Walikuwa paka na panya. Baadaye tukaona kazi za fundi zinazidi kuchukua muda mrefu, hata za kubadilisha taa moja. Tulielewa sababu siku kadi za mwaliko zilipotufikia.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mcheshi tu. Kuna mkubwa mmoja alifika na msafara wa magari akitaka kupelekwa mlimani wakati kilele chote kimefunikwa na wingu. Mama Kilo akamwambia haiwezekani. Yule mkubwa akavua miwani. "Wewe unajua mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa," alisema. "Ndiyo maana sikupeleki."

Akaondoka kwa hasira, akakodi ndege kwingine, na ndege hiyo ikageukia njiani ikamrudisha alikotoka. Juma lililofuata alikuja tena, akaomba ahudumiwe na yule mwanamke aliyemkatalia. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye dawati lile, hatujapoteza abiria hata mmoja. Ninaandika sentensi hiyo nikiwa nimesimama.

Sasa niseme habari ya harusi.

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa. Mpishi mkuu wa hoteli ya mlimani alikuwa anamwoa muuguzi wa hapa mjini, na sherehe ilipangwa kufanyika Jumamosi kwenye bustani ya hoteli. Wageni wengi walikuwa wameshapanda. Siku mbili kabla, kilima kikaporomoka juu ya barabara, na barabara ikatoweka. Hoteli ilikuwa inampenda mpishi wake, ikakodi jeti yetu ndogo ikamchukue bibi harusi na watu wake: baba yake, bibi yake aliyemlea tangu mama alipofariki, na mashangazi watatu. Mama Kilo akapiga hesabu ya uzito, ikakubali.

Asubuhi ya Jumamosi tukapata habari kwamba mvua imenyesha tena kule na njia ya kurukia imelowa chapachapa. Njia ikilowa, breki hushika kwa shida. Ndege lazima iwe nyepesi zaidi. Nikamwambia Mama Kilo siwezi kupeleka zaidi ya watatu. Na nafasi ya kurudi kuwachukua waliobaki haikuwapo, kwa sababu wingu lilikuwa linapanda na mlima ungefungwa kabla ya adhuhuri.

Ukumbi wetu wa abiria ni chumba kidogo chenye makochi ya ngozi na birika la kahawa. Katika chumba hicho nilishuhudia familia nzima ikigombania kubaki.

"Nitabaki mimi," baba alisema. "Mimi mtu mzima. Nitaona picha."

"Baba, nani atanishika mkono?"

"Basi mimi," bibi akadakia. "Nimekula chumvi nyingi, harusi nimeziona."

"Bibi ukibaki, na mimi nabaki." Na bibi harusi, na gauni lake jeupe, akaketi juu ya sanduku katikati ya chumba. Mashangazi, waliokuja wakiimba tangu getini, wakanyamaza. Mkubwa wao akasema kwa sauti ndogo kwamba wao watatu ndio wa kubaki, hapana shida, lakini akageuka ukutani akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Nje, mbele ya ndege yangu, ilisimama ndege yetu nyingine, kubwa kidogo, iliyoundwa kwa viwanja vifupi, maji hayaisumbui. Ilikuwa imekodiwa na mteja wetu mkubwa kuliko wote. Tulimwita Mzee Kimya. Kila mwezi alipanda mlimani peke yake, hasemi na mtu, viti vyote vingine vitupu. Sharti lake lilikuwa moja: asisumbuliwe.

Mkurugenzi aliona macho ya Mama Kilo yanakoelekea. "Yule mzee usimguse," alimwambia. "Jumatatu anasaini mkataba mpya. Akiudhika tumekwisha, na wewe utakuwa wa kwanza kwisha."

"Nimesikia, bosi," alijibu Mama Kilo.

Kusikia alisikia. Akavuka uwanja, akapanda ngazi za ndege ya Mzee Kimya. Yaliyosemwa mle tulisimuliwa na mhudumu wa ndege, naye si mtu wa kutia chumvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tunachelewa?"

"Hatuchelewi. Pale ndani kuna bibi harusi amekaa juu ya sanduku. Ndege yake haiwezi kubeba watu wake wote, yako ina nafasi. Viti ni vyako, na ukisema hapana nitashuka, sitakusumbua tena. Ila nisingekuuliza, moyo ungenisuta."

Mzee akatazama nje. Mashangazi walikuwa wamesimama mlangoni na nguo zao za njano.

"Wale akina mama watatu ndio wa kubaki?"

"Ndiyo."

"Wanasema sana?"

"Sitakudanganya, mzee. Sana."

Akafunga gazeti. "Waje."

Niliruka wa kwanza na bibi harusi, baba na bibi. Mama Kilo alisimama uwanjani na redio mkononi, akinisomea kila alichoambiwa na watu wa kule juu: wingu liko kwenye msitu, wingu limesogea, upande wa korongo bado kweupe, njoo kwa korongo. Nilikuja kwa korongo. Nyuma yangu bibi alikuwa anasali kwa sauti iliyonifikia hata nikiwa nimevaa vipokea sauti masikioni. Magurudumu yakagusa, maji yakaruka pande zote mbili kama mabawa, breki zikashika, tukasimama. Halafu bibi akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika hotelini.

Ndege ya pili ikatua wingu likiwa limeshaanza kulamba mwisho wa njia. Mlango ulipofunguliwa, wimbo ulitangulia kushuka. Wakafuata mashangazi, na nyuma yao Mzee Kimya, amebeba mkoba wa shangazi mkubwa, anapiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja. Hakwenda chumbani kwake. Alikaa meza ya familia, akala, na jioni alicheza mpaka mashangazi wakaomba kupumzika. Alimwambia shangazi mkubwa kwamba tangu mke wake afariki hakuwa amekula na watu.

Nilipopiga simu mjini kusema wote wamefika, Mama Kilo alipokea, kisha akatoka nje. Wapagazi wanasema aliketi kwenye toroli la mizigo, akavua viatu, akalia kidogo, akavivaa tena, akarudi dawatini.

Jumatatu Mzee Kimya alisaini. Aliongeza sharti moja, kwamba safari zake zote zipangwe na Mama Kilo. Mkurugenzi, ambaye leo ameketi meza kuu ya hafla hii ya kumuaga akisikiliza maneno haya, kwa muda mrefu alisimulia kana kwamba wazo lilikuwa lake. Tumemsamehe.

Harusi ile haikuishia kwenye picha. Mama Kilo aliwasumbua wakubwa mpaka wakakubali utaratibu ambao leo tunauona wa kawaida: kila anayekodi jeti yetu huulizwa kama viti vyake vitupu, akitokea mwenye shida, tumpe. Wengi husema ndiyo. Kumbe walikuwa hawajaulizwa tu. Kwa viti hivyo mama mjamzito aliyekwama mlimani aliteremshwa, akajifungulia hospitali. Mwalimu alipanda kwenda kuwasimamia watoto mtihani barabara ikiwa imefungwa. Kijana alimwahi baba yake akiwa bado anaweza kuzungumza. Wote hao walikaa kando ya wenye ndege zao, na hatujapata lalamiko.

Wanaoshika dawati lake ni mabinti wawili na kijana mmoja aliowafundisha mwenyewe. Wanauliza maswali yake, wanachungulia ndani ya ndege kabla ya mlango kufungwa, na mmoja wao juzi amemkatalia mheshimiwa. Tuko salama.

Mama Kilo, umetupangia safari zisizohesabika, na zote ulizipungia mkono ukiwa chini. Ndiyo, wenzangu: mwanamke huyu hajawahi kuuona mlima kwa karibu. Kila tulipompa nafasi alisema kuna mteja kwenye simu. Kwa hiyo Jumamosi hii jeti imekodiwa na wafanyakazi wote wa kampuni, kwa jina lako na la fundi wako. Simu zote zitapokelewa na wengine. Rubani ni mimi. Tunakushukuru kwa kila mtu uliyemfikisha, na tunakuombea uzee mtulivu, afya njema na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Ngazi imeshushwa, Mama, panda.